Usiguse
Kiwandani Jinja walitupa kofia za njano
na onyo moja: usiguse.
Injinia Nangobi alitangulia, akitembea kinyumenyume,
akilitaja gari la mbio kama mama amtajaye kifungua mimba:
uzito wake, pumzi yake,
siku lilipogoma kuwaka mbele ya wageni.
Lilikuwa bado uchi, rangi haijapakwa,
tumbo wazi, nyaya zinaning'inia.
Mikono nimeifunga mgongoni kama mshitakiwa.

Saa nane nikaingia sokoni.
Hapo Mama Kagoya akanikemea:
"Mbona unakodoa macho tu? Minya!"
Nikaminya parachichi, nikanusa mukene,
nikatafuna senene wa kukaanga,
chumvi ikanibakia kuchani.
Asali aliipima kwa chupa ya soda.
Bei akaivuta, nikaivuta,
mpaka akacheka, akatupia limau mbili juu.

Jioni, penye jiko la gonja za kuchoma,
nani yuko mbele yangu kwenye foleni?
Injinia, kofia kwapani,
bado ana grisi kwenye kiwiko,
anabonyeza gonja moja moja
kwa kidole gumba,
kichwa kakiinamisha,
anasikiliza.