Swali la Saba

*Ndege inaruka kutoka kisiwa K saa mbili na dakika kumi asubuhi.*
*Kisiwa L kiko umbali wa kilomita mia moja na ishirini.*
*Kasi ni kilomita mia mbili na arobaini kwa saa.*
*Itatua saa ngapi? Onesha njia. Alama nne.*

Nililitunga mwenyewe, usiku, umeme wa Mwanga umekatika,
nikajipongeza: namba zinagawanyika bila masalia,
nusu saa kamili,
hata Ntibashima atapata.

Amepata Ntibashima.
Wamepata thelathini na wanane.
Zebida Gwasa wa Kibirizi,
dawati la mwisho, dirisha lisilo na kioo,
kaandika: Itatua Alhamisi.

Kalamu nyekundu nimeshaifungua.
Ila njia kaionesha,
kwa mwandiko wake unaopanda kilima hadi pembeni:

Jumatatu boti inasubiri ijae.
Jumanne imejaa, fundi kaenda Ujiji kutafuta plagi.
Usiku wanaondoka na saruji na soda.
Ziwa limechafuka, wanalala Mgambo mchangani.
Jumatano mtoto wa mtu anaharisha, wanamsubiri.
Alhamisi shangazi anashuka, viatu mkononi.
Kwa hiyo Alhamisi.

Na chini ya jibu, mistari miwili, kwa rula.

Ndege, Zebida. Nimesema ndege.
Ndege haisubiri ijae.
(Naibishia karatasi, mke wangu kageukia ukutani.)
Lakini mimi ndege naijulia wapi?
Naijua kwa uzio wa Katubuka,
kwa darasa zima kunikimbia katikati ya sehemu
kwenda kuhesabu madirisha yake.
Ile kasi niliikadiria tu,
kama chumvi ya vidole vitatu.
Na hivyo visiwa, K na L,
sikuweka hata mtu mmoja juu yake.

Saa mbili na dakika kumi, hiyo sikuikadiria.
Mwaka juzi, saa hiyohiyo, simu kutoka Kalya:
*Mama katuacha.*
Maneno mawili, yamefika kabla chai haijapoa.
Kwenye ramani ya ofisi ya mwalimu mkuu
Kigoma hadi Kalya ni kidole gumba changu, pamoja na kucha.
Nilikwenda Katubuka. Nilikwenda kweli,
nikauliza kama kuna ndege ya huko, hata ya mizigo.
Mlinzi alinitazama taratibu,
akanivutia ndoo, akaigeuza, akasema kaa kwanza, mwalimu.

Kisha Kibirizi. Kisha ijae. Kisha plagi.

Nilipofika udongo ulikuwa umekauka juu,
kuku wawili wanachakura,
na dada yangu anawafukuza kwa kanga
kama mtu aliyekuwa akiwafukuza tangu juzi.
Umbali ninao. Muda ninao.
Ni mimi ninayefundisha kugawanya,
na kasi ya safari ile sijaitafuta hadi leo.

Mshumaa umebaki kisigino.
Karatasi kumi na moja bado.
Sifuri siiwezi, nne mkaguzi hatanielewa.
Nampa mbili, nazifuta, nampa tatu,
karatasi inatoboka.
Kisha pembeni, palipobaki nafasi,
kwa herufi ndogo, naandika ninachotaka kujua:

*Alhamisi ya wiki gani?*