Toa Mbili

Kila Krismasi, tukitoka kanisani,
kabla hata ya chai, tunapimwa kilo.
Usiniulize nani alianzisha.
Niliolewa Mpunguzi nikaikuta mizani
inaning'inia kwenye boriti ya banda la zabibu,
na mwaka wangu wa kwanza nilidhani ni mzaha:
mimi, bibi harusi wa juzi, na gauni la kanisani,
nimeng'ang'ania ndoano kama mbuzi wa mnadani,
ukoo mzima umeukodolea macho mshale.
"Sitini na tatu," akasema mama mkwe. "Toa mbili."

Maana mizani yenyewe ni ya uongo.
Ikiwa tupu kabisa, inasoma mbili.
Waliinunua Kibaigwa kwa muuza mahindi
aliyekuwa na haraka ya kuondoka.
Hawakuitengeneza.
Walijifunza kutoa.

Mwaka huu tumetoka Nkuhungu alfajiri,
Nyemo katikati yetu kwenye pikipiki,
barabara ya Iringa imelowa mvua ya kwanza,
kumbikumbi wanatugonga usoni.
Ana miaka minne, na tangu aamke
amekataa kukojoa.
"Nitapungua," anasema.
Ibada nzima amekaa amebana magoti,
katekista akamsifu kwa utulivu.

Mdogo ndiye hutangulia.
Akatiwa kwenye sandarusi, miguu nje,
akazunguka polepole kama kitu cha kuuzwa.
"Kumi na nane na nusu!"
Yona akamtazama binti yake,
akamtia mkono mfukoni.
Kokoto.
Mfuko wa pili, kokoto.
Ndani ya soksi, kokoto.
"Toa mbili," akasema, "na utoe Mpunguzi yote uliyobeba."
Kumi na tano na robo. Tukaandika kwa mkaa
nyuma ya mlango wa stoo, chini ya miaka yake mingine.

Shemeji Madeje alivuta tumbo ndani,
kana kwamba mizani ni fundi cherehani.
Mimi sitasema yangu.
Jogoo alipimwa akiwa hai, kwa hasira zake zote,
saa tano akapimwa tena bila manyoya,
na Nyemo akataka kujua
zile zilizopungua zimekwenda wapi.
Hakuna aliyemjibu. Kulikuwa na mlenda wa kupika,
nyumba hii haijui pilau.

"Bado Bibi," akasema.

Madeje akaanza, "Nyemo, Bibi si tulimpeleka..."
"Najua. Bado hajapimwa."
Akaingia chumbani, tukasikia sanduku likifunguliwa,
akatoka na kitenge cha kanisani cha mama mkwe,
kimekunjwa mara nne,
bado kina pini ya Umoja wa Akina Mama.
Hakufika kwenye ndoano. Alikinyanyua tu juu,
mikono ikatetemeka, akangoja
mpaka baba yake akakipokea akakitundika.

Mshale haukusogea.
Ulikuwa kwenye mbili, ukabaki kwenye mbili.

Sauti iliyokuwa ikisema "toa mbili"
miaka yote hiyo ilikuwa yake.
Tukasimama pale. Matone yakaanza kugonga bati.
Madeje akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.
Yona akainua mkaa, akaushusha,
akaupangusa kwenye suruali ya sikukuu.

"Ngapi?" Nyemo akauliza.
"Mbili," akasema baba yake.
"Kilo mbili nzima?"
"Nzima."
Akaandika nyuma ya mlango: Damari, 2.
Herufi zake hazijawahi kuwa mbaya vile.

Nyemo akaridhika. Akatazama huku na huku,
kisha akatimka mbio nyuma ya banda
kuumwaga mkojo wa tangu alfajiri.
Tulimsikia. Ulikuwa mrefu.
Akarudi amenuna, gauni limelowa mvua,
akaikamata ndoano kwa mikono miwili.
"Nipimeni upya," akasema.
"Nimelowa. Nimeongezeka."