Msoma Mita

Baba Kageha, bomba la jikoni limeanza tena kudondoka.
Tone moja. Kimya. Tone.
Ungelisikia ukiwa kitandani, ungeamka
na tochi na ile spana uliyoifunga kitambaa mpinini,
ukinung'unika kwamba maji hayana adabu.

Miaka thelathini na minne ulisoma mita za jiji,
Jericho, Makadara, Mbotela hadi Ofafa,
ukiinamia vifuniko vya chuma
kama mtu anayesalimia watoto.
Mbwa walikujua. Wenye madeni walikujua zaidi.
Nyumbani hukuleta hasira ya mtu;
ulileta tope viatuni, nusu mkate,
na tarakimu za kuwafundishia wanao kuhesabu.

Jana Kageha alipekua daftari lako la mwisho kazini.
Katikati ya namba za nyumba za watu
umeandika, kwa mwandiko ule unaoegemea kushoto:
"Mama K. amecheka leo. Mara mbili."
Tarehe ni ya mwaka ule nilipougua.
Hukuwahi kuniambia kwamba ulikuwa unahesabu.

Themanini na tisa, walisema mazishini, ameshiba siku.
Haya. Ameshiba yeye.

Lisamula anataka kumwita fundi.
Nimemwambia angoje kidogo, mwezi uishe.
Nimeweka sufuria chini ya bomba.
Usiku nalala macho, nasoma:
tone moja, kimya,
tone.
Asubuhi nayabeba hadi uani, nayamwagia sukuma wiki.
Hayapotei. Ungeuliza, najua,
kwa hiyo nakwambia: hayapotei.