Nusu Mkia

Mkataba wa nyumba yetu pale Shabab
unakataza mbwa, paka, kuku, na kutwanga baada ya saa tatu usiku.
Panya haukumtaja.
Nekoye aliusoma mara mbili, kidole juu ya mstari,
kisha akanitazama kama wakili aliyeshinda kesi.

Ndiyo maana Jumamosi hii tumesimama Kiamunyi,
langoni kwa Bi Gathigia,
aliyefanya kazi ya maabara miaka ishirini na sita,
na siku ya kustaafu akaondoka na saa ya ukutani
na panya wanane aliokuwa ameagizwa kuwaua.

"Naweni," anasema. Hata karibu hajasema.
Tunanawa hadi viwikoni.
Anatuhoji kama mkwe anayesitasita:
Mnapikia nini, gesi au makaa? Moshi huenda wapi?
Siku ya mtihani, nani atabadilisha maji?
"Wanaishi miaka miwili. Mitatu, Mungu akipenda.
Utalia?"
Nekoye anafikiri. "Nitalia."
"Basi ingia."

Mimi hakuniuliza kitu.
Na angeniuliza, ningesema?
Kwamba kule Kimilili, mwaka ule mahindi yalipofurika,
baba alikuwa akinunua mikia,
mitano kwa shilingi,
nami niliihesabu ghalani kwa mwanga wa koroboi,
nikaijaza kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia,
nikapata kalamu, mandazi,
na viatu vyangu vya kwanza vyenye kamba.
Nilikuwa hodari. Nilisifiwa mbele ya wageni.

Ndani kunanukia magazeti na uji wa wimbi.
Unga wa mbao hautumii; mtarakwa, anasema, huwachoma kifua.
Anamwinua mmoja, anamsogeza sikioni mwa mtoto:
"Sikiliza. Akikoroma kama redio isiyoshika stesheni, mrudishe.
Na pua utazame. Wekundu ule si damu,
lakini si habari njema."
Nekoye amefumba macho.
"Kimya," ananong'ona. "Halafu kuna moyo. Unakimbia!"

"Sasa usichague kwa macho. Weka mkono, ungoje."

Anaweka. Anangoja.
Anakuja mmoja mwenye kofia nyeusi hadi mabegani,
ananusa kucha moja baada ya nyingine
kama karani anayekagua vitambulisho,
kisha anaketi kiganjani na kunawa uso.
"Huyu."
"Mmoja hafugwi. Mmoja ni mfungwa. Chukua na dada yake."
"Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo,"
natia mzaha.
"Wahenga hawakuwahi kuwapa kitambaa," anajibu.
"Subiri uone mfuko wa shati lako."

Dada yupi?
Nekoye ananielekeza kwa kidevu: wewe sasa, baba.
Nauingiza mkono. Huu huu,
sina mwingine.

Anayekuja ni wa kijivu, rangi ya jiko la jana,
mkia umekatikia katikati.
"Mlango wa kizimba," Bi Gathigia anasema, akitazama pembeni.
"Nilikuwa na haraka. Kosa langu."
Anapanda kidole, kifundo, anaingia ndani ya sweta,
anasimama penye kiwiko, penye joto,
na pale anaanza kusaga meno, taratibu,
hata mfupa wangu unatetemeka.
"Akisaga hivyo, ameridhika."

Nusu mkia. Baba asingelipa.

Mia sita kwa wote wawili.
Nimetoa bila kuomba apunguze,
mimi ninayebishana na muuza sukumawiki kila jioni.
Njiani Nekoye ameshampa wa kofia jina: Karani.
Wa kijivu, amesema, nimpe mimi.
Bado nalitafuta.

Saa nane za usiku. Kitu kinatafuna gizani.
Mwili umeamka kabla yangu,
mkono uko chini ya kitanda, unapapasa kiatu.
Nakishika. Nakumbuka. Nakiacha.
Nakwenda pekupeku hadi sebuleni
kuangalia kama chupa yao bado ina maji.