Kipengele cha Kumi na Moja

Meza yangu ina mguu mmoja mfupi,
nimeuwekea kipande cha tofali.
Hapa barazani, mkabala na ofisi ya uhamiaji, Moshi,
najaza fomu. Ukurasa elfu mbili.
Wajane nawapunguzia.

Kabla kalamu haijagusa karatasi
watu huniletea kwanza waliyoyaokota njiani:
kwamba ukishazaa hapa hawakugusi,
kwamba muhuri wa Jumatatu una nguvu kuliko wa Ijumaa,
kwamba yupo afisa humo ndani anayekula mbuzi.
Jirani yangu Elinisafi, muuza magazeti, ana lake:
wageni wametumalizia kazi.
Namuuliza, wewe walikuchukulia ipi?
Anapanga upya magazeti ya jana.

Huyo mla mbuzi namjua.
Ni binti mwembamba, viatu vimelika upande,
mchana hujificha nyuma ya kabati
akila kande baridi kwenye kikontena.
Ameniambia mara moja tu, akifunga mfuniko:
Fomu sikuitunga mimi.

Leo amekuja Mghoi.
Vyeti vyake viwili kavifunga kwenye pindo la kanga,
kimoja cha ubatizo, kingine cha kifo cha mume.
Laini yake ya simu imefungwa,
kufungua inataka kitambulisho,
kitambulisho kinataka uraia,
na mwanawe wa Geita hana njia nyingine ya kumtumia
hela ya dawa ya presha.

Alizaliwa Taveta, upande wa mkonge.
Aliolewa Himo.
"Nilivuka kwa miguu, shangazi zangu nyuma wanaimba."
Mpaka je, Bibi?
"Mpaka ulikuwa mtaro.
Nikanyanyua gauni lisishike tope."

*Tarehe ya kuingia nchini.*
Haikumbuki. Anakumbuka maharage yalikuwa yametoa ua.
*Njia uliyoingilia.*
Napima kwa jicho kama kisanduku hiki
kitatosha neno mtaro.

Kipengele cha kumi na moja:
*mahali alipozaliwa babu yako.*
Anacheka mpaka anashika meza, na tofali linateleza.
"Babu yangu alizaliwa
mpaka wenyewe haujazaliwa."

Ndani kule ukutani kuna ramani.
Mstari unatoka ziwani umenyooka kama uzi wa fundi mwashi,
ukiufikia mlima, unapinda.
Utotoni tuliambiwa malkia alimpa mjukuu wake mlima,
zawadi ya siku ya kuzaliwa.
Nami nimeisimulia hivyo kwa wanangu,
tena nikaongeza keki.
Halafu siku moja namjazia mwalimu mstaafu fomu ya pensheni,
akaniambia bila kuinua kichwa: hapakuwa na zawadi.
Palikuwa na wanaume, meza, rula,
na kila mmoja anataka bandari yake.

Nilikasirika wiki nzima.
Zawadi ingekuwa afadhali.
Mtoa zawadi walau huuliza
kitu kinapelekwa kwa nani.

Huko Rombo, wanasema, kuna nyumba
jiko liko Tanzania, choo kiko Kenya.
Tunacheka. Sijapata kukutana na mwenye nyumba,
na huenda naye ni wa kusimuliwa tu.
Ila Mghoi yupo hapa, ananiangalia kalamu,
miaka hamsini ya migomba ya Himo kwenye viganja,
watoto sita kawazika wawili,
na mimi natafuta kisanduku.

Naandika: *Babu: Taveta. Mwaka: haujulikani.*
Naandika: *Aliingia kwa ndoa.*
Namsomea polepole, anaitikia kwa kichwa
kama anayesikiliza habari za mtu mwingine.

Imebaki sahihi. Hajui kuandika,
namsogezea kidau cha wino.
Anabonyeza gumba la kulia.
Linatoka doa, jeusi tii, halina mstari hata mmoja.
"Mkonge," anasema. "Tulianza kuumenya tukiwa wadogo."
Narudia. Doa tena.

Geni la saa sita linakaribia, foleni inasogea,
Elinisafi ameacha kupanga magazeti, anatazama.
Nafuta kidole chake kwa ukingo wa shati langu.
Haya, Bibi, lete cha kushoto.