Kichaka cha Urho

Miaka thelathini na minane nililipwa kuangusha miti.
Msumeno ulikuwa mkono wangu wa tatu;
kutoka Lieksa hadi mpakani, visiki vinanifahamu.

Sasa goti limegoma,
nami nimenunua kilo tano za alizeti
kuwabembeleza ndege wenye uzito wa barua.

Nilichonga kisanduku, paa limeinama kumwaga theluji,
nikakitundika katikati ya uwanja, peupe kabisa,
nikione nikinywa kahawa.
Siku ya kwanza: hakuna.
Siku ya tisa: kindi,
akala kama mtoza ushuru,
akaondoka bila shukrani wala risiti.

Nikaongeza karanga. Nikaongeza mafuta ya nguruwe
yaliyoganda ndani ya kikombe kilichovunjika mpini.
Kimya.
Baridi ikashuka, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
mbegu zimelala pale
kama salamu isiyoitikiwa.

Eila wa jirani akaja kuazima koleo la theluji.
Akautazama uwanja, akanitazama mimi.
"Urho, umeandaa karamu katikati ya barabara.
Kipanga hupita hapa kila asubuhi.
Mnyonge hali pasipo na pa kujificha.
Kichaka chako kiko wapi?"

Kichaka changu.
Nilikifyeka mwenyewe, mwaka ule wa mashine mpya.
Sababu siikumbuki. Labda mkono uliwasha tu.

Usiku ule nikauburuta mti wa Krismasi kutoka nyuma ya banda,
bado una utepe mmoja wa fedha,
nikachimba theluji, nikausimamisha kando ya kisanduku,
nikaushindilia kwa buti.
Mti wa kwanza maishani mwangu
kuuinua badala ya kuulaza.
Goti likalalamika. Nikaliambia lisubiri.

Siku tatu.
Kisha ndani ya matawi makavu kitu kikatikisika:
kofia nyeusi, mashavu meupe,
kifua cha manjano kama siagi ya kiangazi.
Akachungulia. Akaruka. Akachukua mbegu moja, moja tu,
akarudi kichakani kuipasua,
tik, tik, tik,
shoka dogo kuliko yote niliyowahi kusikia msituni.
Nyuma yake wa pili. Nyuma ya wa pili, ugomvi.

Kahawa ilipoa mkononi.

Koleo Eila hajalirudisha, nami sijadai.
Jana nilipita dukani kuuliza bei ya miche, kumi na miwili,
ya kupanda Mei, ardhi ikilainika.
Muuzaji, mtoto wa bosi wangu wa zamani,
aliniomba nirudie swali.