Mbao Zilizosimama

Kibuye wananijua. Nifumbe macho, nipe ubao,
nipitishe kidole gumba mara moja tu:
huu mukomari, haugombani na patasi;
huu mutere, manjano yake hufifia ukiusahau juani;
huu lusiola, mchwa huusalimia na kupita.
Majina nilifunzwa na wapakiaji wa lori,
lile lori la saa tisa usiku, linaloingia taa zimezimwa.
Sikuwahi kuliuliza linatoka wapi.

Siku ya wazazi, Apondi akanitoa shuleni kwao
akaniingiza msitu wa Kakamega,
daftari kwapani: "Mwalimu anataka miti kumi."
Kumi! Nikamwambia nitakupa ishirini
kabla chai ya chupa haijapoa.

Haya. Mti uliosimama hauna ncha ya kunusa.
Umevaa kuvumwani, umevaa kamba za mimea ya jirani,
umejifunga gome hadi shingoni kama mgonjwa wa homa,
na majani yako huko juu kwa hondohondo,
hayashuki kwa kuitwa.
Nikaupiga mmoja kofi, kama ng'ombe wa mnadani.
Ukanyamaza.
"Huu, baba?"
Ngoja.
"Na huu?"
Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Basi yeye ndiye aliyenionyesha.
Jani pana, ukilipapasa linakwaruza kama msasa:
"Mukomari." Na chini yake maua meupe,
mepesi kama karatasi ya kufungia sambusa,
yamemwagika njia nzima.
Vitanda mia nne nimeuchongea, na jeneza la mama.
Sikujua kwamba unachanua.

Tukafika tisa. Matope, mbu, tumbili wakituzomea.
Wa kumi tawi lake lilivunjwa na upepo wa juzi,
linaning'inia, nyama nje, mbichi, ya manjano.
Nikasimama. Pua ilijua kabla yangu.
"Mutere," nikasema, "andika mutere,"
na sauti ikanitoka kama ya mtu
aliyemkuta jamaa yake wadini, asijue amelazwa.

Apondi akaandika. Kwenye safu ya mwisho,
ile ya Umeutambuaje, mingine yote
alikuwa amejaza jani, tunda, jani, ua, gome.
Hapa akauma kalamu kidogo,
akanitazama mikono,
akaandika: kidonda.

Chai ilikuwa imepoa. Tuliinywa hivyo hivyo.